Mkono wa Mungu wa Mto

Filista alizoea kukanda unga wa shayiri kwa mdundo wa nyundo. Karakana ya sarafu ilikuwa chini kidogo ya nyumba yao, kwenye njia inayoteremkia mtoni, na kila asubuhi jua lilipogusa ukuta wa uani, Matilo mpiga nyundo alianza kazi. Pigo moja, kimya kifupi cha kutoa sarafu na kuweka kipande kingine cha fedha, kisha pigo tena. Filista alifuata hivyo hivyo. Pigo likilia anasukuma donge, kimya kikija analikunja. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, maana lilikuwa dogo mno la kusimulia, lakini siku ambazo karakana ilifungwa kwa sikukuu, mikate yake haikutoka vizuri.

Asubuhi ile nyundo ililia kidogo tu, ikanyamaza.

Alibaki ameweka viganja juu ya donge, akingoja. Alimsikia punda wa jirani, akasikia maji yakichuruzika kwenye mfereji, sauti ambazo saa hiyo kwa kawaida hazisikiki. Pigo halikuja.

"Amejipiga kidole," alisema shangazi Mika, dada yake baba, aliyekuwa ameketi mlangoni akisokota sufu. "Heri. Labda atapunguza maneno."

"Leo wanaanza sarafu mpya, shangazi."

"Najua wanaanza nini. Baba yako hajaniacha nilale kwa kugonga gonga kwake."

Sarafu mpya ilikuwa kazi ya baba yake. Pirino alichonga mihuri ya kupigia sarafu za fedha za mji wa Selinus tangu Filista hajazaliwa. Jani la selari mwitu, ambalo mji wao ulichukua jina lake, alikuwa amelichonga mara nyingi hata akawa anasema kwamba angeweza kulichonga usingizini. Safari hii baraza lilitaka kitu kingine. Lilimtaka mungu wa mto mwenyewe, amesimama mbele ya madhabahu akimwaga tambiko, kushukuru kwamba kinamasi kimekauka na homa imeondoka mjini. Pirino aliipokea kazi hiyo kama kijana aliyeaminiwa kwa mara ya kwanza. Jana aliupeleka muhuri karakana akiwa ameuviringisha kwenye kitambaa na kuukumbatia kama kichanga.

"Hodi wenyewe."

Alikuwa Matilo, amejaa kwenye uwazi wa lango, bado amevaa ngozi ya kifuani ya kazi. Jasho lilikuwa halijamkauka.

"Nyundo yako imekufa?" shangazi Mika alimuuliza.

"Nyundo nzima, shangazi. Nimekufa mimi. Fundi yupo?"

"Yuko bandani ananoa tindo. Kaa."

"Sikai, nimetumwa." Alimtazama Filista, akajikuna shingo. "Tumepiga chache tu. Bwana Theotimo akamwaga divai kabla hatujaanza, kama desturi. Nikapiga. Akaichukua ya kwanza akaiinua tuione wote, na bakuli bado liko mkononi mwake. Akaangalia sarafu, akaangalia bakuli. Akaangalia sarafu tena. Nikasema moyoni, mzee kalewa asubuhi yote hii. Halafu akaniambia, weka nyundo chini."

"Kwa nini?"

Matilo akafumbua kiganja. "Angalia mwenyewe, dada."

Filista alijipangusa unga, akaichukua. Fedha ilikuwa mpya, inang'aa, bado na uvuguvugu wa kiganja cha Matilo. Mungu wa mto alisimama kifua wazi, kijana, na vipembe viwili vidogo juu ya paji la uso. Chini ya madhabahu alisimama jogoo. Nyuma ya mungu kulikuwa na korongo anayeondoka zake kwa hatua ndefu, kwa kuwa kinamasi chake kimekauka, na juu ya korongo jani dogo la selari. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuziona kutoka mikononi mwa baba yake. Hata ubavu wa yule mungu ulionekana kama unapumua.

Kisha akauona mkono unaoshika bakuli.

Shangazi Mika alikuwa amekwisha inuka, anachungulia juu ya bega lake. Alirudi nyuma hatua moja na kujitemea mate kifuani kuepusha mkosi.

"Anatambika kwa kushoto," alisema polepole. "Mungu wa mji anatambika kwa mkono wa kushoto."

"Vijana kule wametema mate vifuani mpaka nguo zimelowa," Matilo alisema. "Mmoja kakimbia kwao kumwambia mama yake. Kufikia mchana soko zima litajua."

Pirino alitokea bandani na tindo mkononi. Alikuwa mtu mwembamba, mgongo umeanza kuinama kwa kazi ya kuinamia, na midomo aliifunga muda mwingi kana kwamba ndani yake ameshika misumari. Alinyoosha mkono, Filista akampa sarafu. Aliipangusa kwa kidole gumba, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga.

"Imetoka vizuri," alisema.

Matilo akakohoa. "Fundi, Bwana Theotimo anakuita."

"Nakuja."

Alitundika tindo mahali pake, akanawa uso, akavaa shuka safi. Alipopita karibu na Filista alisimama, kama mtu aliyesahau kitu ndani. Aliutazama unga uliobaki mikononi mwa binti yake, kisha akatoka na Matilo.

Mara tu sauti ya hatua zao ilipopotea, shangazi Mika aliiweka sufu chini.

"Ulipomsimamia baba yako achonge, ulisimama vipi?"

"Vizuri, shangazi."

"Sikukuuliza hivyo. Nakuuliza mkono."

Filista alirudi kwenye donge lake, akaanza kulikanda ingawa hakukuwa na mdundo wa kufuata.

Alizaliwa mashoto. Alipokuwa mdogo hakujua kwamba hilo ni jambo la kusemwa. Alishika kijiko, fimbo na jiwe la kurushia mbwa kwa kushoto, na mama yake, aliyekuwa hai wakati huo, alimhamishia tu kijiko mkono wa pili huku akiendelea na mazungumzo yake. Halafu ukaja mwaka alioruhusiwa kwenda na wasichana wengine ng'ambo ya mto, kwa mungu mama Mbeba-Matunda, kumwaga asali na maziwa. Alikuwa amevalishwa nguo ya rangi ya zafarani. Alifurahi mno hata akasahau alichofundishwa. Zamu yake ilipofika alilishika bakuli dogo kwa mkono aliouamini, akamwaga taratibu, bila kudondosha hata tone nje ya jiwe. Kuhani alimpokonya bakuli. Msichana aliyekuwa nyuma yake akaambiwa asogee mbele, asiguse mahali pale aliposimama Filista. Mwezi ule ule mvua ya mawe ikapiga mizabibu, na ingawa hakuna mtu aliyekuja kumwambia kitu, wanawake kisimani walipunguza sauti kila alipofika na mtungi.

Baada ya hapo baba yake alianza kumfunga. Kila asubuhi, kabla ya kwenda bandani, Pirino alichukua kipande cha kitambaa cha sufu akaufunga mkono wake wa kushoto kiunoni, taratibu, akiangalia usimbane. "Ili wasikuseme," alimwambia, na hilo ndilo lilikuwa neno pekee. Jioni alimfungua na kumsugua vidole mpaka vikapata joto. Alifanya hivyo miaka na miaka, mpaka mkono wa kulia ukajifunza kazi zote. Uliweza kupika, kusokota na kuchota maji, lakini Filista aliona siku zote kama ameazima mkono wa mtu mwingine ambaye huenda akaudai. Wachumba walifika mpaka mtaa wa pili, wakaulizia, wakageuza.

"Filista."

"Wa kulia ulichoka, shangazi."

Shangazi Mika akaketi tena. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuwa akijua ugonjwa, sasa ametajiwa jina lake.

Ilikuwa hivi. Sanamu za jiwe huchongwa kama zinavyoonekana, lakini muhuri huchongwa kinyume, kwa sababu kilicho kushoto kwenye shaba hutoka kulia kwenye fedha. Wachongaji wengine hugeuza picha kichwani. Pirino, akichonga umbo la mtu, alitumia kioo cha shaba cha marehemu mkewe. Alikiegemeza kwenye mtungi, akamsimamisha Filista uani na bakuli la maji badala ya divai, na pembeni yake gudulia lililofunikwa kifudifudi kuwa madhabahu. Kile alichokiona kiooni, ambacho tayari kimegeuka, alikichonga vile vile kwenye muhuri. Sarafu ikipigwa, picha inarudi kuwa kama Filista alivyosimama.

Alisimama siku nyingi. Mkono wa kulia ulishika bakuli lakini ulitetemeka, maji yakaruka huku na huku, na Pirino alikuwa akichonga kisha anasugua alichochonga, anachonga kisha anasugua. Hakumgombeza. Aliguna tu. Mchana mmoja, alipokuwa ameinamia muhuri, Filista alihamia upande wa pili wa gudulia na kulihamisha bakuli. Alitaka kupumzika kidogo, basi. Mkono wa kushoto ulilipokea bakuli kama uliokuwa ukilingoja, na maji yakashuka kwa mstari mmoja mwembamba usiokatika. Baba yake akainua uso. Filista aliganda. Lakini Pirino alitazama, akainama tena, na tindo likaanza kulia haraka haraka, kwa namna ambayo hakuwa ameisikia siku zote zile.

Aliwaza, kiooni mkono wa kushoto unaonekana kama wa kulia. Baba ameona mkono wa kulia na moyo wake umetulia. Basi hakubadilisha tena, siku ile wala siku zilizofuata, kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda, na pia kwa sababu ilikuwa tamu kusimama hivyo. Hilo la utamu ndilo lililomwumiza sasa.

"Ni mimi niliyemharibia," alisema.

"Basi funga mdomo wako," shangazi Mika alijibu kwa upole. "Ukienda kusema ni wewe, hakuna atakayekuoa, hata kipofu. Watakumbuka ile mvua ya mawe. Watasema uliwaletea balaa mara ya kwanza, sasa umeweka na chapa."

"Na nisiposema, baba anapoteza kazi."

"Baba yako ana ulimi wake. Atatafuta la kusema."

"Baba hasemi, shangazi. Wewe umekua naye."

Shangazi Mika alifikiri kuhusu hilo. Alivuta uzi mrefu, ukakatika, akautazama.

"Alipokuwa mdogo," alisema hatimaye, "aliumwa jino siku nne, tukajua shavu lilipovimba." Akamtupia Filista mtandio wake. "Jifunike kichwa vizuri. Na unawe hizo shayiri usoni, unaonekana kama umetoka kinuni."

Njia ya kuteremkia karakana ilikuwa na kivuli upande mmoja, na wanawake waliokuwa wakirudi na mitungi walikuwa wamejazana kwenye kivuli hicho wakiongea. Walimnyamazia alipopita, kisha wakaendelea. Alisikia neno "kushoto" na neno "mzee". Wengine walikuwa wamekwisha amua kwamba Pirino ameanza kupofuka. Mmoja alisema kwa huruma kabisa kwamba macho yale yamechonga vitu vizuri, na ni haki yao kuchoka.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Filista hakuwahi kuingia ndani, aliishia siku zote kwenye kizingiti akimletea baba chakula. Safari hii pia miguu ilisimama pale pale. Aliona tanuri, mkaa wake umeanza kuwa kijivu, na fuawe yenye muhuri uliozamishwa katikati. Matilo aliegemea ukutani na nyundo kubwa katikati ya miguu yake. Wafanyakazi walikaa kwenye magogo, wakijifanya kupanga vipande vya fedha. Katikati walisimama watu wawili, baba yake na Theotimo, msimamizi wa karakana.

Theotimo alikuwa mnene na mpole. Walikua mtaa mmoja na Pirino, wakavua samaki wa mtoni pamoja wakiwa watoto, na jambo hilo lilionekana kumtaabisha. Alikuwa ameshika sarafu mbili au tatu, akizigeuza geuza.

"Pirino, ndugu yangu, sikutaka tufike huku," alikuwa akisema. "Kuhani wa mto ameshaleta mtu. Wazee wa baraza wanakutana leo hii. Mimi nataka kwenda na neno moja tu, neno dogo. Niwaambie fundi alikosea. Basi. Muhuri unayeyushwa, hizi tulizopiga zinarudi tanurini, unachonga mwingine. Watanung'unika kidogo, watasahau."

Pirino aliukunja upindo wa shuka lake.

"Mtu hukosea," Theotimo aliendelea. "Mimi mwenyewe niliwahi kuvaa viatu vya mke wangu mpaka sokoni."

"Tunakumbuka," Matilo alisema kutoka ukutani. "Vilikupendeza."

Wachache wakacheka, na Theotimo akawaacha wacheke, akitumaini kwamba kicheko kitamlegeza rafiki yake. Pirino alitazama fuawe.

"Ulipima kwa nta?" Theotimo aliuliza, sasa kwa sauti ya chini zaidi. "Wewe hupima kila wakati. Nakujua. Unabonyeza nta kwenye muhuri kabla hujauleta, unaona itakavyotoka."

"Nilipima."

"Na hukuona?"

Pirino alifungua mdomo. Filista akiwa kizingitini aliiona midomo yake ikifungwa tena.

Theotimo alipumua kwa nguvu. "Sikiliza. Kama hukuona, sema macho. Watu watakuhurumia. Kama nta ilikuwa mbaya, sema nta. Lakini usiposema kitu, watasema ulikusudia. Na nikisema mbele ya baraza kwamba mchongaji wetu amemwekea mungu bakuli kushoto kwa kusudi, siwezi kukutetea hata nikipiga magoti. Kuna yule kijana mchongaji wa mji wa Himera anaomba nafasi hii tangu mwaka jana. Watampa leo leo, na wewe hutashika tena tindo la mji. Tafadhali, bwana. Neno moja."

Hapo Filista akavuka kizingiti. Baadaye hakukumbuka alivyovuka. Alikumbuka tu joto la tanuri usoni na magogo yakilia watu walipogeuka.

"Ni mimi," alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo mno, ikabidi Theotimo amwinamie. "Unasemaje, mwanangu?"

"Ni mimi niliyekosea, baba Theotimo, si yeye. Baba huchonga kwa kioo. Alinisimamisha uani nishike bakuli. Mkono wa kulia ulichoka, nikabadilisha alipokuwa ameinama. Kiooni kushoto kunaonekana kulia, kwa hiyo hakujua. Nilijua mimi. Sikumwambia." Aliinua viganja vyake. "Mnajua mikono yangu. Mji mzima unajua. Waambieni baraza ni binti yake alimdanganya."

Mfanyakazi mmoja alianza kuinua mkono kuelekea kifuani ili ateme mate, Matilo akamtazama, akaushusha.

Uso wa Theotimo ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyetua mzigo. "Unaona?" alimwambia Pirino. "Limekwisha. Wala si macho yako. Mtoto alichoka, akabadilisha mkono, kioo kikakudanganya. Baraza litaelewa hilo. Binti... " alisita, akamwangalia Filista kwa masikitiko ya kweli, "binti atasemwa kidogo, lakini ameshazoea, maskini. Nitawaomba wasimtaje jina. Basi, Pirino, itikia tu kwa kichwa. Hata usiseme. Itikia."

Filista alimtazama baba yake, akimwomba kwa macho aitikie. Alikuwa hajawahi kutaka kitu namna ile. Kama angeitikia, kesho nyundo ingelia tena, na yeye angekanda unga na kusikia wanawake wa kisimani wakipunguza sauti, na hilo aliliweza, alikuwa ameliweza tangu utotoni.

Pirino hakuitikia. Alikwenda kwenye fuawe, akaweka kidole juu ya muhuri, kwenye kijishimo kidogo ambacho kingekuwa mkono. Kidole kilikaa pale.

"Hakunidanganya," alisema.

"Pirino."

"Nilimwona amebadilisha." Alizungumza kama mtu anayetembea gizani, akipapasa kila neno kabla ya kulikanyaga. "Unasema kioo. Nilipoinua uso sikuwa naangalia kioo, Theotimo. Nilikuwa namwangalia yeye."

Theotimo alipunguza sauti, kana kwamba wafanyakazi wangeacha kusikia. "Basi kwa nini hukumwambia arudishe?"

"Ningemwambia, angeurudisha."

Filista alihisi mtandio ukimteleza kichwani, hakuushika.

"Siku zote zile alisimama kwa mkono wa kulia," Pirino aliendelea, "na nilichokuwa nachonga ni mtu anayeogopa. Nikasugua, nikaanza upya, yule yule. Nikadhani ni mimi nimezeeka. Halafu nikainua uso, nikaona maji yanashuka kwenye bakuli lile bila kutetemeka, na bega lake limelegea, na shingo. Alikuwa ametulia kabisa. Nimechonga miungu tangu ndevu zangu hazijatosha kunyolewa, sijawahi kumwona mmoja amesimama hivyo. Nikabonyeza nta jioni ile ile. Nikaona mkono. Nikakaa nao mpaka taa ikaisha mafuta."

"Na ukauleta hivyo hivyo," Theotimo alisema.

"Nikauleta."

"Unajua nitakachowaambia baraza."

"Waambie." Pirino alimgeukia binti yake. Midomo ilijaribu kujifunga kama kawaida yake, akaikataza. Aliinua mikono yake, akaushika ule wa kushoto wa Filista, ambao bado ulikuwa na unga uliokauka kwenye vifundo, akausugua kwa vidole gumba vyake viwili namna alivyokuwa akiusugua jioni za zamani.

"Niliufunga mkono huu mimi mwenyewe, mwanangu," alisema, "kila asubuhi, nikidhani nakulinda. Sikukosea nilipochonga. Nilikusudia. Nilitaka uuone ulivyo mzuri, na sikujua namna nyingine ya kukuambia."